Mawe Haya Yana Maana Gani?
Maneno yaliyosemwa kwa jina la Komite ya Kutunza Kanisa la Kale, siku ya Yubile ya parokia



Komite ya Yubile imetuomba tuseme mbele yenu maneno machache juu ya kazi iliyofanyika hapa kwa muda wa miaka miwili, yaani kazi ya kutengeneza kanisa letu la kale na kulinda vitu vya zamani vya parokia. Sisi tunaosema si wataalamu wa historia. Kati yetu wako walimu wawili, mwashi mmoja, wamama wanne, katekista mmoja mzee, na vijana wa Xaveri na wa Kiro. Tunasema kwa jina la wote walioshika jembe, beseni na mwiko, hata wale ambao hawakuweza kufika leo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Imani katika pande hizi ilianza kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Mwaka 1883 Luteni Emile Storms, aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, alijenga boma Mpala. Mwaka 1885 boma hilo, pamoja na lile la Karema ng'ambo ya ziwa, katika nchi inayoitwa leo Tanzania, yalikabidhiwa Mapadri Weupe. Mwaka 1887 Kapiteni Joubert alifika Mpala kuwalinda wakristu na watu waliokimbia biashara ya watumwa. Mwaka 1893 misioni ya Baudouinville ilianzishwa, ndiyo Kirungu ya leo. Na ni huko Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipopewa upadri, padri wa kwanza mzalendo katika Kongo ya wakati ule. Parokia yetu ni mjukuu wa misioni hizo. Waliokuja kuijenga walitoka huko, na namna yao ya kuchoma matofali walijifunza huko.

Basi, Komite ya Yubile ilipokutana mara ya kwanza, neno la kwanza lilikuwa hili: tubomoe kanisa la kale, tuchukue matofali yake mazima, tujenge jipya lenye kutosha watu wote. Sababu hazikukosekana. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lile lililobomoa nyumba nyingi Kalemie, lilikuwa limeacha ufa mrefu katika ukuta wa upande wa altare. Wakati wa vita milango na viti vilikuwa vimegeuzwa kuni. Paa lilivuja. Siku kubwa nusu ya wakristu walisali nje juani. Wengi walikubali. Tuseme kweli: hata baadhi yetu tunaosema leo tuliinua mkono kukubali.

Ndipo mama mmoja mzee, aliyekaa nyuma kabisa, aliomba neno. Alisema hivi:

«Wanangu, matofali mnayotaka kuvunja, nani aliwaambia kwamba ni ya Mapadri? Mama yangu aliyabeba kichwani tangu tanuru la kule mtoni, na mimi nikiwa mgongoni mwake. Kabla ya kuvunja, nionyesheni kwanza mahali mlipoandika jina lake.»

Prezidenti wa komite alimjibu kwa heshima: «Mama, majina ya watu wale hatuna. Kwenye kibao cha mlangoni kuna jina la Padri na mwaka, basi.»

Mama akasema: «Kama ni hivyo, mwanangu, matofali yale ndiyo jina lake. Hana lingine.»

Kisha akakaa. Watu walinyamaza, na siku ile hatukupiga kura. Juma lililofuata Baba Paroko alitusomea habari za Yoshua, namna Waisraeli walivyotoa mawe 12 katika mto Yordani na kuyasimamisha, ili watoto wakiuliza siku moja maana ya mawe hayo, wazazi wawe na neno la kuwajibu. Tukajiuliza: watoto wetu wakituuliza juu ya ukuta huu, tutawajibu nini? Wengi wetu hatukuwa na jibu. Na kama tungalibomoa, wasingaliuliza tena hata kidogo.

Kwa ginsi hiyo tuliamua mambo mawili. La kwanza, kanisa la kale litengenezwe, liwe la Misa za kila siku na la mafundisho, na kando yake tujenge banda kubwa la siku kuu. La pili, tutafute majina.

Tueleze sasa namna kazi ilivyofanyika, maana pengine parokia nyingine zitapenda kufanya vile vile.

Kila shirika lilipewa siku yake ya posho. Wazee wanajua kwa nini siku hiyo inaitwa hivyo: zamani ndiyo siku wafanya kazi walipopewa chakula chao cha juma. Sisi tulifanya kazi siku ya posho bila posho. Wengine walicheka, wakasema: «Hii ni salongo imerudi.» Hapana. Wakati wa wakoloni kulikuwa na kazi ya lazima, na wakati wa Zaire kulikuwa na salongo. Kwa zote mbili mtu alikwenda kwa kuogopa adhabu. Hapa hakuna aliyeandika majina ya wasiofika. Mwanzoni walikuja watu wachache sana, na siku moja walikuja watatu tu, pamoja na mvua. Lakini watatu wale walisafisha mfereji wote wa upande wa mlango, na watu waliopita njiani wakaona. Juma lililofuata tulihesabu wengi zaidi. Wamama walileta muhogo na samaki, watoto wakachota maji, na hata ndugu wa makanisa mengine na waislamu wa kijiji walikuja, wakisema kwamba babu zao nao walichimba udongo pale.

Lakini tuliwahi kukosa, na kosa letu tuliseme, lisaidie wengine. Mwezi wa kwanza tulinunua simenti kwa fedha ya matoleo, tukaziba ufa, tukapaka simenti chini ya ukuta wote. Ilipendeza macho. Mvua zilipokuja, matofali yaliyo nyuma ya simenti yalilowa, yakaanza kumeguka kama unga wa muhogo. Tulihuzunika sana. Ndipo tulipomwendea mwashi mmoja mzee, aliyefundishwa kazi na Furera katika ujana wake. Alitazama, akagonga ukuta kwa kidole, akasema: «Ninyi mmeufunga ukuta kinywa.»

Alitueleza kwamba matofali yaliyochomwa katika tanuru la kuni ni laini. Yanakunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa tena wakati wa jua. Simenti ni ngumu na inazuia njia ya maji. Maji yakikosa pa kutokea, yanavunja tofali lenyewe. Wazee walijenga kwa udongo na chokaa, vitu laini kama tofali. Kwa hiyo tulibandua simenti yote kwa patasi, pole pole, muda wa majuma mengi. Tulichoma mawe ya chokaa, tukaizimisha chokaa katika shimo la maji na kuiacha humo ilainike. Kisha tulichanganya sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga uliochekechwa. Kwa ule ufa, mzee alitufundisha kushona ukuta: kutoa tofali lililovunjika moja moja na kutia zima mahali pake, hata pande mbili za ufa zishikane. Matofali mapya tulifyatua kwa kipimo cha yale ya kale.

Zaidi ya hayo tulijifunza kwamba adui wa nyumba ya kale ni maji na mchwa kuliko miaka. Tulichimba mfereji kuzunguka kanisa ili maji ya paa yaende mbali na msingi. Tuliondoa udongo uliolundikana kwenye kuta, maana ndiyo njia ya mchwa. Tulikata mti mkubwa uliokuwa umeingiza mizizi chini ya sakristia. Lakini sakristia yenyewe hatukuweza kuiokoa. Tulichelewa. Msingi wake ulikuwa umekwisha kuzama, na tulilazimika kuibomoa kwa mikono yetu wenyewe. Siku ile hakuna aliyeimba. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hiyo tunaifundisha watoto shuleni, lakini sisi wazazi tuliupita ufa ule kila siku ya Mungu kwa miaka mingi.

Jambo lingine ni vitabu. Katika biro ya parokia kuna vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, vya tangu mwanzo. Vita vilipoanza mwaka 1998, katekista mmoja alivitia katika magunia ya chumvi na kuvificha mbali na barabara. Wakristu wetu wengi walikimbia, wengine Tanzania, wengine Zambia katika makambi ya Kala na Mwange. Kuanzia mwaka 2007 wale wa Zambia walianza kurudishwa kwa meli toka Mpulungu. Walirudi bila karatasi yoyote. Walikuja biro, wakasema jina la baba na la mama, wakataja msimamizi wa ubatizo, na jina lao likaonekana katika kitabu. Tulimwona baba mmoja mwenye mvi akiweka kidole juu ya jina lake na kulia. Kwa yule, kitabu kile ndicho kilichomhakikishia kwamba amerudi kwao.

Vitabu hivyo tuliviona vimeanza kuliwa na mchwa na kuingia unyevu. Vijana wetu walipiga foto kila ukurasa kwa telefone, wakitumia mwanga wa dirishani, na nakala zimewekwa mahali patatu mbalimbali. Vitabu vyenyewe viko sasa katika sanduku la bati juu ya mawe, mbali na ukuta. Mambo ya watu yaliyomo ni siri, na hayaonyeshwi ovyo. Baba Paroko peke yake anatoa ruhusa ya kuyasoma.

Na majina? Kwa majina tulikusanyika jioni tatu penye moto, mbele ya mlango wa kanisa. Wazee walisema, vijana waliandika. Wanafunzi walicheza mchezo juu ya maisha ya Padri Kaoze. Tuliwakumbusha kwamba mwaka 1910, kabla ya kupata upadri, alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifaransa juu ya mawazo ya watu wetu, na maandiko yake yakachapishwa. Yaani yeye mwenyewe alianza kazi hii tunayoifanya, ya kuyalinda maneno ya wazee yasipotee. Asubuhi moja tulitembea wote kwa miguu mpaka shimo la udongo na mahali pa tanuru la kale. Mama yule mzee alitangulia mbele, akishikwa mkono na wajukuu zake.

Wazee hawakutuambia mambo matamu tu, nasi hatukutaka kuyachuja. Walisema kwamba kati ya wajenzi wa kwanza wa misioni za ziwa walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani, ambao hawakujua tena majina ya vijiji vyao. Walisema kwamba wengine walibeba matofali kwa moyo, na wengine kwa sababu kapita alisimama nyuma yao. Walitaja pia vita vya Storms. Mwezi wa Desemba 1884 askari wake walimwua Sultani Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Ni juzi tu, mwaka 2022, sanamu ya Storms iliyosimama katika Bruxelles ilipoondolewa. Mtu mmoja aliuliza: kwa nini kutia habari kama hizi katika yubile? Tulimjibu: kama tunatengeneza ukuta na kuficha ufa, tumerudia kosa la simenti. Mwenyezi Mungu anayajua yote yaliyofanyika hapa. Tukimshukuru, tumshukuru kwa yale yaliyokuwa kweli.

Majina yaliyopatikana yameandikwa katika daftari, na leo baada ya Misa mtayaona yamechorwa kwenye mbao ngumu upande wa kuume wa mlango. Jina la Padri mwanzilishi liko mahali pake pale pale, hatukuligusa. Yale mengine yako kando yake. Jina la mama wa mama yetu mzee ni la kwanza, kwa sababu ndilo la kwanza tulilopewa. Mbao nyingine tumeiacha tupu. Ni kwa ajili ya majina mtakayotuletea.

Wapendwa, pengine mmoja wenu anajisemea kimoyomoyo: hii si kazi ya Serkali, au ya watu wa Ulaya wenye fedha? Sheria ya kulinda vitu vya kale ipo katika nchi yetu tangu tarehe 15 Machi 1971, na tunaiheshimu. Nchi yetu ina mahali 5 palipoandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia nzima, na pote 5 ni mbuga na misitu yenye wanyama: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na pori la Okapi. Ni fahari yetu. Lakini hakuna hata nyumba moja katika hesabu hiyo. Kanisa dogo la matofali kama hili letu, nani atalijua kama sisi hatulijui? Nani atapanda juu ya paa lake mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, kama si mtu anayelala karibu nalo?

Tena nyumba hii haikungoja yubile ili itusaidie. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, jamaa zilizofukuzwa na maji toka ufukoni zililala ndani ya kuta hizi. Hakuna aliyewauliza ni wa dini gani. Kama kanisa lingalikuwa limebomolewa na jipya halijaisha, wangalilala wapi?

Kazi haijakwisha. Nusu ya paa bado ni mabati ya kale yenye matundu. Madirisha mawili yamefungwa kwa mbao. Vijana wengi waliofanya kazi nasi wamekwenda Kalemie na Lubumbashi kutafuta masomo na riziki, na mwashi wetu mzee amechoka. Wawili tu wamejifunza vema kazi ya chokaa. Tunasema haya wazi, ili mtu asirudi nyumbani akidhani kwamba sikukuu ya leo imemaliza kila kitu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwa mashirika yote ya parokia: kila mwaka, kabla ya mvua, kila shirika litoe siku moja ya posho kusafisha mifereji, kukagua paa na kuharibu njia za mchwa. Siku moja kwa mwaka inatosha, kama kila shirika linashika zamu yake. Kwa wazazi: mleteni kila mmoja jina moja, la babu au la bibi, pamoja na habari yake, kabla wazee wenye kukumbuka hawajaitwa na Bwana. Na kwenu, Mababa Mapadri na Mama Masista wageni wetu: katika nyumba za mashirika yenu ya kitawa, hapa Kongo na ng'ambo, kuna foto, barua na vitabu vya kila siku vya misioni za kale. Hatuombi mturudishie. Tunaomba nakala, na zaidi zile foto ambamo watu wetu wamesimama nyuma bila majina. Tuleteeni. Huenda hapa kuna mtu atakayewatambua.

Tunamshukuru Baba Askofu aliyetutia moyo, Baba Paroko aliyechanganya chokaa pamoja nasi, na wamama waliotulisha. Tunawashukuru waliokuwa na wazo la kubomoa. Walisema kwa mapendo ya parokia, na leo banda la siku kuu ni kazi ya mikono yao. Tunawakumbuka wajenzi wote waliokufa, wenye majina na wasio na majina. Bwana awape raha ya milele.

Na sasa, kabla ya kuingia katika karamu, tunawaalika mzunguke kanisa mara moja kwa miguu. Mguse ukuta. Watoto wakiwauliza swali, wajibuni.

Mungu abariki parokia yetu.